Wito Usio na Mdaiwa

Majira ya kampeni yakifika, mtu atokaye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, kwenda mji wa Mbarara kwa haja zake, awe amefuata tabibu, au bidhaa za duka, au karatasi ya kugongewa muhuri, huusikia mji kabla ya kuingia katikati yake. Kwa kuwa magari yenye vipaza sauti huzunguka mitaani tangu asubuhi hadi magharibi yakirudia maneno matatu au manne yale yale, na maneno hayo humwandama msafiri mpaka kituo cha takisi, na usiku arejeapo kambini huyakuta yamekwisha kaa kinywani mwake pasipo ridhaa yake. Naye hana kura. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, ambayo kwa mambo mengi ni sheria ya ukarimu na yastahili sifa zake, kwa maana inamruhusu mgeni kufanya kazi na kutembea nchini, yamkataza kujitia katika siasa ndani ya Uganda, ziwe za mtaa au za taifa. Yeye, basi, ni msikilizaji asiyetakiwa kujibu. Na mimi, niliye mmoja wa wasikilizaji hao, naona kwamba hali hii, pamoja na uchungu wake, yampa mtu wasaa wa kuuliza jambo ambalo mpiga kura, kwa haraka ya shughuli zake, aghalabu haulizi: kaulimbiu ni kitu gani hasa, na yawatenda nini wale inaowaita na wale isiowaita?

Desturi ya wengi, na hasa ya wenye elimu, ni kuipima kaulimbiu kwa mizani ya kweli na uongo, wakaiona nyepesi, wakaidharau. Mizani hiyo si yake. Mtu akisema kwamba Mto Rwizi umepungua maji, twaweza kwenda mtoni tukatazama. Lakini msemaji anayesimama jukwaani katika uwanja wa Kakyeka akataja jina la chama chake, kisha akanyamaza kitambo kidogo, hakuleta habari yoyote ya kwenda kutazamwa. Anangoja. Halaiki yamjibu "Oyee!", na vidole gumba vyainuka, ataja tena, wamjibu kwa sauti kubwa zaidi, na mara ya tatu hata yule aliyekuja kwa ajili ya muziki, na yule aliyeletwa kwa lori pamoja na majirani zake, na yule aliyekuja kwa kuchelea kwamba mwenyekiti wa mtaa ataulizia kutokuwepo kwake, wote wameinua mkono. Hakuna aliyefundishwa neno, wala hakuna aliyedanganywa kwa wakati ule; hata hivyo limetendeka jambo kubwa, maana watu waliofika kwa sababu mbalimbali wameondoka na ushahidi, uliotoka vinywani mwao wenyewe, kwamba wao ni kundi moja.

Gustave Le Bon, Mfaransa aliyeandika juu ya nafsi ya makundi mwaka 1895, alisema kwamba viongozi huyatawala makundi kwa kutamka bila ya kuthibitisha, kwa kurudia, na kwa kuambukiza. Aliona sawasawa, lakini alikidharau alichokiona, kwani kwake yeye mtu akiingia katika halaiki hushuka daraja ya akili. Siafikiani naye. Watu wa Kakyeka wajua kwamba waitikia, na wengi wao, wakiisha kurudi nyumbani, watakueleza kwa insafu kamili ni lipi walilolisadiki na lipi walilolijibu kwa adabu tu. Akili haikuwatoka. Wametenda tendo la jamaa lenye kanuni zake, na swali la haki si kama tendo hilo ni la kipumbavu, bali ni kundi gani linaloumbwa nalo, na nani hubaki nje ya kundi hilo, na nani hulibeba deni lake.

Nianze na deni. Ahadi ina watu wawili, mwenye kuahidi na mwenye kuahidiwa, na baina yao kuna kitu na muda; aliyeahidi daraja kabla ya mvua za Machi aweza kuulizwa mwezi wa Aprili, na aibu yake ikaonekana na kila mvukaji. Kaulimbiu haina kitu wala muda, na kwa hiyo haivunjiki. Ikichakaa huwekwa kando, ikaletwa nyingine, na haitokei siku ambayo mtu atasimama hadharani akiri kwamba ile ya kwanza ilishindwa. Tarehe 29 Januari 1986, Yoweri Museveni alipoapishwa mbele ya jengo la Bunge mjini Kampala baada ya vita vya miaka mitano, aliwaambia wananchi kwamba lililotukia halikuwa kupokezana zamu kwa walinzi bali mabadiliko ya msingi. Miaka kumi baadaye, katika uchaguzi wa Mei 1996, wa kwanza ambao raia wa Uganda walimchagua Rais wao moja kwa moja, wafuasi wake walipita mijini na vijijini wakiinua dole gumba na kupaza sauti wakisema "No Change", pasiwe na mabadiliko.

Mwenye kutafuta makosa ataona hapo maneno yanayopingana, na ataridhika na ushindi wake mdogo. Mimi naona jambo lenye kustahili heshima zaidi. Mbarara ni mji ambao mwezi wa Septemba 1972 kambi yake ya jeshi ilivamiwa na wahamishwa waliotoka Tanzania, wakashindwa, na waliobaki mjini wakalipizwa kisasi. Ni mji ambao mwaka 1979, katika vita baina ya Tanzania na Idi Amin, ulibomolewa sehemu kubwa. Na ni mji uliopitia utawala wa pili wa Milton Obote pamoja na misukosuko yake. Kwa watu wenye kumbukumbu hiyo, kulala usiku kucha bila ya kusikia bunduki kulikuwa ni mali, na kusema mwaka 1996 kwamba mali hiyo isichezewe hakukuwa upumbavu hata kidogo. Kaulimbiu ilikopa nguvu zake katika hofu ya kweli na shukrani ya kweli. Taabu yake ni kwamba deni la jana halina mwisho wa kulipwa, na kila mwaka upitao huzaliwa watu wasioyakumbuka yaliyowapata wazee wao, ambao nao hutakiwa walipe. Ndiyo maana umbo la wito halikubadilika sana tangu hapo ingawa maneno yalibadilika: mwaka 2005 kikomo cha mihula miwili kilipoondolewa katika Katiba, mashabiki walijivika majani makavu ya migomba wakidai kisanja, yaani muhula, kingine, na katika kampeni iliyoishia kwenye uchaguzi wa Januari 2026 neno lilikuwa ni kuyalinda mafanikio yaliyokwisha patikana. Tunza ulichonacho, hilo ndilo lililosemwa kila mara, na asiyenacho hakuambiwa atunze nini.

Kuna moja katika kaulimbiu hizi ambayo sisi wa Nakivale tulielewa kila silabi yake pasipo mfasiri. Baada ya uchaguzi wa 2016 Rais aliutangaza muhula wake mpya kuwa ni "Kisanja Hakuna Mchezo". Katika makazi yetu Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Mkongo na Mrundi na Mnyarwanda, na hata Msomali aliyefungua duka katika mtaa wa Base Camp hujifunza cha kutosha kuuzia sukari. Na hapo palikuwa na maneno ya utawala yaliyosemwa kwa lugha ya kambi, ilhali wapiga kura wengi wa Ankole huisikia lugha hiyo zaidi kwa askari kuliko kwa jirani. Jambo la kuangaliwa ni wakati wake. Wito huo haukutolewa ili mtu apate kura, kwa kuwa kura zilikwisha hesabiwa. Ulikuwa amri kwa mawaziri na makatibu, na wananchi walifanywa mashahidi wake. Wakati wa kampeni watu huitwa ili waitikie, na kura zikiisha hesabiwa huitwa ili watazame wengine wakiamrishwa, na katika hali zote mbili mwenye kuita ndiye peke yake aliyekuwa na la kusema.

Hata hivyo wasikilizaji wana uwezo ambao wapiga ngoma za siasa husahau. Katika kampeni ya 2006 chama tawala kilisema "Bonna Bagaggawale", wote watajirike, na serikali ikaifanya kauli hiyo kuwa jina la mpango wake wa mikopo na kilimo. Na Tanzania, katika mwaka wa 2005, Jakaya Kikwete aliingia Ikulu kwa kauli ya maisha bora kwa kila Mtanzania. Kauli hizi mbili zilikosea, au tuseme zilikuwa na uungwana kuliko nyingine, kwa sababu kila moja ilikuwa na neno lenye kuhesabika: wote, kila mmoja. Basi mkulima aliposhika mfuko wake mtupu aliweza kuuliza, mimi si katika hao wote? Watu waliichukua kauli ya jukwaani wakaifanya hati ya madai, wakaisoma kwenye vituo vya mabasi na vijiwe vya kahawa mbele ya yeyote aliyeonekana kuwa mtu wa chama, mpaka wenyewe wakaacha kuitamka. Hapa napata kipimo ambacho nakiona bora kuliko kile cha kweli na uongo, nacho ni kutazama kama aliyeitwa aweza kuirudisha kauli kwa mwitaji ikiwa swali. "Hakuna mabadiliko" hairudishiki. Kila uulizalo juu yake ni ushahidi kwamba wataka mabadiliko, na umekwisha jitoa mwenyewe katika kundi.

Na habari ya kutolewa katika kundi ndiyo historia ya Nakivale. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakikimbia nchi ambayo siasa yake ilikwisha amua ni kabila gani lililo taifa na ni lipi lililo mgeni. Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara ya wakati ule, vijana wa chama tawala cha UPC pamoja na baadhi ya wakuu wa serikali za mitaa waliwatoa majumbani watu walioitwa Wanyarwanda, ambao wengi wao walikuwa raia wa Uganda, na wengine wafugaji wa Kihima wasiokuwa na asili ya Rwanda kabisa. Makumi ya maelfu walikimbilia mpakani, na makumi ya maelfu wengine wakasongamana katika makazi ya zamani ya wakimbizi, Nakivale na Oruchinga yakiwamo. Baada ya 1994 walifika Wahutu. Kisha Wakongo, wimbi kwa wimbi. Kisha Warundi wa 2015. Mtu akiketi sokoni Rubondo siku ya gulio ameketi kati ya watu ambao, kila mmoja katika nchi yake na katika mwaka wake, aliwahi kusikia "sisi" ikitamkwa kwa kelele, akajua kwamba yeye si katika hao.

Sisemi kwamba kila kaulimbiu huishia katika damu, na ningekuwa mwongo kusema hivyo. Nasema kwamba mtambo ni ule ule. Tarehe 23 Oktoba 1993, siku mbili baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa na wanajeshi, mwanasiasa wa Rwanda, Froduald Karamira, alihutubia mkutano wa hadhara katika uwanja wa Nyamirambo mjini Kigali, akataja vyama kimoja baada ya kimoja pamoja na jina la Wahutu, na halaiki ikamjibu kila mara kwa neno moja, "Pawa!" Vyama vile vilikuwa vikishindana mpaka wiki hiyo. Hapakuwa na hoja iliyotolewa iliyoweza kuviunganisha, na kwa hakika hoja ingevitenganisha, kwa kuwa hoja huleta hoja nyingine. Neno moja lililongojewa na kujibiwa lilifanya katika alasiri moja yale ambayo mazungumzo ya mwaka mzima hayakuyafanya. Na mtu aliyekuwa uwanjani asiyefungua kinywa alikuwa amekwisha jidhihirisha kwa jirani yake wa kulia na wa kushoto. Yaliyofuata kuanzia Aprili 1994 yajulikana ulimwenguni kote. Nakivale wapo walioyakimbia, wapo pia waliokimbia baadaye kwa sababu nyingine, nao huchota maji katika kisima kimoja.

Hannah Arendt, aliyetoroka Ujerumani mwaka 1933 na akaishi bila ya uraia wowote hadi 1951, aliandika katika mwaka huo wa pili kwamba hasara kubwa ya mtu asiye na nchi haipo tu katika kupotewa na haki hii au ile, bali katika kupotewa na mahali ambapo rai yake yaweza kuwa na uzito. Nililielewa jambo hilo shambani kwa jirani yangu, mama mmoja aliyetoka Kivu, ambaye hulima mahindi yake akiwa amevaa fulana ya njano ya kampeni, iliyopauka hata sura ya mgombea imebaki kivuli na maandishi yamebaki herufi mbili tatu mgongoni. Nilimwuliza kama ajua ni fulana ya nini.

"Najua, mwanangu," alinijibu, akiendelea kung'oa magugu. "Kule nyumbani, uchaguzi wa 2011, walinipa bure, nikavaa, nikaitikia pamoja na wenzangu. Hii nimeinunua sokoni kwa fedha yangu, na hakuna aniulizaye kitu."

Niliondoka na maneno yake. Alipopewa bure alihesabiwa, alipolipa hakuhesabiwa. Kitambaa ni kile kile, na mgongo wa kukivaa ni ule ule, lakini fulana ya kwanza ilimweka ndani ya hesabu ya watu, japo kwa siku moja ya uongo, na mama huyu, ambaye miaka michache baadaye kijiji chake kiliteketezwa pasipo mmoja katika wale wagawa fulana kuonekana, bado alisema habari ya siku ile bila ya dharau. Kuitwa ni jambo zuri. Tusilisahau hilo tunapowalaumu wanaoitikia. Mtu ambaye mwaka mzima hakuna mkubwa aliyemtazama, aliyengoja kwenye dirisha la ofisi mpaka likafungwa, siku moja aambiwa kwa sauti inayosikika mtaa mzima kwamba nguvu ni zake, atakosaje kufurahi?

Wala wito si mali ya watawala peke yao. Chama cha TANU kilipozunguka Tanganyika baada ya 1954 hakikuwa na magazeti ya kumfikia kila mtu wala wasomaji wa kutosha, na neno Uhuru, lenye silabi tatu, lilibeba mzigo ambao kitabu kisingeweza kuubeba. Na mtu wa Bujumbura aliyetoka barabarani mwezi wa Aprili 2015, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alipoteuliwa kugombea muhula wa tatu, alijiita "Sindumuja", mimi si mtumwa, na neno hilo likavuka mpaka pamoja naye mpaka Nakivale. Angalieni tofauti yake na nyingine. Halikungoja msemaji wa jukwaani. Kila mtu alilisema juu ya nafsi yake, na lilikuwa ni kukataa kabla ya kuwa kuungana. Mwoga alipolisikia kwa jirani alipata ushujaa wa kulisema, na hapo kundi lilitokea, lakini lilitokea kwa watu waliokwisha jitambulisha mmoja mmoja. Kaulimbiu ya namna hii naipenda, ingawa najua kwamba nayo yaweza kuzeeka na kupata mwenyewe, akaitumia kama wengine walivyotumia za kwao.

Nimesema kwamba mkimbizi hana kura, na sharti niseme kwamba anayo moja, ndogo. Serikali ya Uganda imeweka kamati za ustawi wa wakimbizi, zenye ngazi tatu kuanzia kijiji hadi makazi yote, na wajumbe wake huchaguliwa na wakimbizi wenyewe. Katika ngazi ya kijiji mgombea husimama mbele ya watu wanaomjua, na wanaowajua wazazi wake, na wanaokumbuka jinsi alivyoamua ugomvi wa mbuzi mwaka uliopita. Kaulimbiu hapo ingekuwa kichekesho. Huulizwa juu ya bomba lililokauka, juu ya majina yaliyokosekana katika orodha ya chakula, juu ya mpaka wa mashamba na wenyeji, naye hana budi ajibu, na akijibu vibaya mama wa mstari wa nyuma humkatiza. Ngazi ikipanda, mambo hubadilika. Nakivale ina watu zaidi ya laki moja na nusu, wenye lugha ambazo sizimalizi kuzihesabu, na mgombea anayetaka kuwawakilisha wote hawezi kukaa na kila kijiji. Huanza kutafuta maneno machache yanayopita kila mahali bila ya kumkwaza yeyote, na anapoyapata huwa amekwisha acha kuulizwa. Sijaona mtu aliyeharibika tabia katika njia hiyo. Umbali ndio uliomfundisha.

Kwa hiyo lawama tunazozitupa juu ya kaulimbiu, kwamba ni tupu, kwamba zawalevya watu, nadhani zapasa kuelekezwa kwenye umbali huo baina ya mwenye kuita na mwenye kuitika, na kwa wale walio na uwezo wa kuupunguza wasiupunguze. Uganda haikukosa chombo cha kuupunguza. Ilikuwa na mabaraza ya mitaa, ambayo mwanzo wake ni wakati wa vita vya msituni, na ambayo kwa miaka mingi yalisifiwa na wageni na wenyeji kuwa mahali ambapo mwananchi wa kawaida aweza kumkabili mkubwa wake. Lakini wenyeviti wa vijiji waliochaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakuchaguliwa upya mpaka Julai 2018, wananchi walipopanga mstari nyuma ya wagombea wao. Katika muda huo wote walipiga kura ya Rais mara tatu, mwaka 2006, 2011 na 2016, na kila mara palikuwa na fulana mpya, wimbo mpya na wito mpya. Mtu wa Mbarara aliyefikia umri wa kupiga kura mwaka 2003 alikuwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini alipopewa kwa mara ya kwanza nafasi ya kumchagua mwenyekiti wa kijiji chake, mtu ambaye angeweza kumbishia mlango jioni na kumwuliza habari ya barabara. Na kabla ya hapo alikuwa amekwisha itwa viwanjani, kampeni baada ya kampeni, kumjibu mtu ambaye hana njia ya kumwuliza neno lolote.